Hatua Sabini Nje ya Geti

Siku nilipobeba godoro kwenda msikitini, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, mama wa Kikristo mwenye moyo mwema na macho makali zaidi ya moyo, alimwuliza mke wangu kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya chini ya mtu anayetoa pole: "Baramufunze?" Yaani, wamemfunga? Simlaumu. Mwanamume wa miaka hamsini na ushei anatoka kwake na godoro, blanketi, ndoo na mswaki, mkewe na bintiye wanamsindikiza bila kusema neno. Si mahali pengi mtu wa namna hiyo anaweza kuwa anakwenda. Jioni ile ile binti yangu akaonekana akipita na chungu kilichofungwa kitambaa, na jioni iliyofuata, na iliyofuata tena. Hapa Gisenyi mtu anayepelekewa chakula kila jioni ama amelazwa hospitalini ama yuko ndani. Siku ya nne mama yule akatutumia viazi. Vilikuwa viazi vizuri vya Busasamana, na mke wangu alivipokea bila maelezo marefu.

Nilikuwa nimeingia itikafu. Siku kumi za mwisho za Ramadhani mtu huhamia msikitini, akala humo, akalala humo, akaswali na kusoma na kumkumbuka Mola wake, na hatoki ila kwa haja isiyokwepeka. Kwa wenzangu watano tulioingia pamoja lilikuwa jambo la hiari, walilifanya kwa mapenzi. Kwangu ilikuwa nadhiri, na nilikuwa nimechelewa miaka tisa.

Binti yangu alipokuwa na miaka saba, kidole tumbo chake kilipasuka. Daktari alitoka chumbani akatuambia maneno matano au sita, akarudi ndani. Mimi ninaishi kwa maneno. Nafasiri nyaraka za watu na kuandika makala, na nimezoea kuona mambo madogo yakielezwa kwa kurasa nyingi. Ule uchache ulinitisha kuliko kitu chochote. Nikasimama kwenye koridoo, nikaegemeza paji la uso ukutani, nikaahidi. Akipona, nitakaa msikitini siku kumi. Akapona. Siku ya tatu alikuwa anadai soda na kuwatuma wauguzi.

Mwaka uliofuata nilikuwa na kazi nyingi. Mwaka wa pili nilikuwa na kikohozi, na isingefaa kuwakoholea waumini. Mwaka wa tatu tulikuwa tunajenga jiko. Mwaka misikiti ilipofungwa kwa sababu ya ule ugonjwa wa dunia nzima, nilisikitika kwa sauti kubwa kuliko muumini yeyote wa mtaa wetu, kisha nikaenda kulala. Miaka mingine nimeisahau, nayo ilikuwa na sababu zake, zote nzuri. Mtu aliyesoma chuo kikuu hakosi sababu. Nadhani ndicho walichotufundisha.

Wiki moja kabla ya Ramadhani hii ninayoisimulia, binti yangu, sasa ana miaka kumi na sita na anasoma madrasa kila Jumamosi, alikaa mbele yangu nikiwa nakunywa chai.

"Baba, ile nadhiri yangu."

"Si yako. Ni yangu."

"Ni yangu. Aliyepasuliwa ni mimi." Akajigusa tumbo upande wa kulia. "Unajua, mafua yakinishika tu, najiuliza kama Mungu amechoka kungoja."

Nikacheka. Na yeye akacheka, lakini alianza nyuma yangu kidogo. Ilikuwa nusu ya pumzi tu. Kwa miaka yote nilidhani ninacheza na ahadi yangu mwenyewe, kumbe kuna mtu aliyekuwa akilala na kuamka juu yake. Nikamwambia mwaka huu naingia. Akaniuliza kama aandike. Nikamwambia aandike.

Ndiyo maana nikabeba godoro.

Imamu wetu ni kijana wa miaka thelathini na kitu, ananiita mzee wangu kwa adabu inayoumiza. Jioni ya kuingia alitukusanya sita akatueleza mipaka. Ua wetu umezungushiwa ukuta mmoja na msikiti, kwa hiyo choo, bomba na baraza vyote vimo. Mpaka ni geti. Kisha akanigeukia mimi peke yangu.

"Na wewe wa nadhiri, mzee wangu, chunga zaidi. Hawa wenzako wakitoka wamepoteza thawabu tu. Wewe uliyeahidi siku kumi mfululizo, ukitoka kwa kujua na huna dharura, unarudi kwenye moja."

Nikasema nimeelewa. Nilielewa kweli. Ninaelewa mambo upesi sana. Shida yangu huanza baada ya hapo.

Kila mmoja alipewa pembe yake, akatundika shuka kwenye kamba ili apate faragha. Jirani yangu wa pembeni alikuwa mfanyabiashara wa vitenge karibu na mpaka mdogo wa Goma, mtu mnene, mcheshi, aliyezaliwa upande wa pili wa mpaka na kurudi na watu wake akiwa kijana. Yeye hakuleta shuka. Alileta vitenge kutoka dukani, vipande vitatu vyenye samaki wakubwa wa rangi ya chungwa, akavitundika hadi pembe yake ikawa kama soko. Samaki mmoja aliangalia moja kwa moja kwenye mto wangu.

"Profeseri," aliniambia usiku wa kwanza. Sijawahi kufundisha mtu yeyote, lakini nilizaliwa Karagwe, wazazi wangu wakiwa wakimbizi, na nilirudi na Kiswahili ambacho hapa wanakiita cha redio. Hilo lilimtosha. "Profeseri, mi nakoroma. Nakuambia mbele, usiseme haukujua."

"Na mimi nakoroma."

"Bon, sawa. Donc tutaenda pamoja."

Na tulikwenda pamoja. Asubuhi wenzetu wanne walikuwa wamehamia upande wa mihrabu.

Lazima nikiri kuhusu siku ya kwanza. Kwa miaka mingi nimeandika makala juu ya utulivu, juu ya jinsi binadamu wa leo asivyo na muda wa kukaa na nafsi yake. Kufika Alasiri nilikuwa nimemaliza yote niliyokuwa nayo ya kumwambia Mungu, na zilibaki siku tisa. Nafsi yangu, nilipokaa nayo, ilitaka kujua jikoni nyumbani kunapikwa nini. Nikafungua Kurani, nikasoma kurasa nne, nikajikuta nahesabu feni za darini. Ni tatu. Moja haizunguki. Jirani yangu wa vitenge, ambaye hakumaliza shule ya msingi, alikuwa amekaa ameegemea nguzo, tasbihi mkononi, amefumba macho, midomo inacheza, ametulia kama mtu aliyefika kwake. Nilimwonea wivu, na wivu ndani ya itikafu ni jambo la aibu, kwa hiyo nikapata kitu kipya cha kumwambia Mungu.

Siku zikaanza kushika mwendo wake. Futari ilitoka majumbani: chungu cha binti yangu na uji na sambusa, sombe, yaani kisamvu, ya mke wa jirani yangu, sambaza, vile vidagaa vya ziwa letu, wa kukaanga kutoka kwa mtu wa Rubona aliyekuwa katika sisi sita. Tulichangia sinia moja, mabega yanagusana, na mtu akiuma pilipili anacheka mpaka machozi. Jirani yangu alikuwa na desturi ya kusukuma mnofu mzuri upande wa mwenzake kwa kidole kimoja huku akiangalia pengine, kana kwamba mnofu umejisogeza. Siku ya tano niliacha kuhesabu feni. Siku ya sita nilisoma juzuu mbili nisijue muda umekwendaje. Siku ya saba binti yangu alipoleta chungu alinitazama, akasema, "Baba, umenyamaza vizuri." Nilijisikia kama mtoto aliyesifiwa kwa kufunga viatu.

Siku ya nane kulikuwa na maziko.

Bibi mmoja wa Rubona alikuwa amefariki, mkongwe sana, wajukuu wake wenyewe walikuwa na mvi. Sikumjua. Aliletwa msikitini baada ya Adhuhuri aswaliwe, na msikiti ukajaa watu wa ziwani. Kwa kuwa mimi nilikuwa ninaishi pale, nilikuwa safu ya mbele kabisa, nyuma ya imamu, karibu na jeneza. Tukaswali. Imamu akatoa salamu. Na hapo likatokea jambo ambalo kila Mwislamu wa kwetu analijua mwilini, hata kichwa chake kikiwa kimelala. Jeneza likiinuliwa, mabega yanalifuata. Kulibeba ni thawabu, na watu wanaigombea kwa upole mkali, mmoja anaingiza bega, anakwenda hatua chache, mwingine anamgusa mgongoni, anampokea. Tangu nikiwa kijana sijawahi kuona jeneza likipita nikabaki nimesimama.

Bega langu la kulia likaingia chini ya mti wa mbele. Nasema bega langu kwa sababu mimi sikuhusika. Tukavuka baraza, tukavuka ua, sauti zote zikisema la ilaha illallah, na mimi nikisema nao kwa moyo mkunjufu kuliko nilivyowahi kusema kwa siku nane. Mimi ni mrefu, aliyekuwa mbele pamoja nami upande wa pili alikuwa mfupi, kwa hiyo uzito wote wa bibi ulikuja kwangu, nikafurahi hata kwa hilo.

Tukatoka getini.

Ndani ya ua kuna saruji. Nje ya geti kuna yale mawe meusi ya volkano yaliyopondwa na kumwagwa barabarani, na mimi nilikuwa pekupeku. Nilikanyaga jiwe la kwanza kwa kisigino, nikaruka ndani ya nafsi yangu, na nikajua. Nilijua kila kitu kwa wakati mmoja: niko wapi, ni siku ya ngapi, nimeahidi nini, kwa ajili ya nani.

Na hapo hapo mtu alinigusa mgongoni. "Nikupokee, mzee," akasema. Ilikuwa njia ya kutokea iliyofunguliwa wazi kabisa. Kilichobaki kilikuwa kuinamisha bega, kugeuka na kurudi hatua moja.

Nikamwambia, "Bado kidogo."

Nimejaribu tangu siku ile kueleza lile "bado kidogo" kwa njia itakayonipendeza, na sijafaulu. Nilikuwa sijaona anga kwa siku nane isipokuwa kipande cha juu ya bomba. Upepo wa ziwa ulikuwa unapanda barabarani. Mwanamke kinyozi alisimama mlangoni kwa heshima, mkasi mkononi. Wauza chapati walivua kofia. Na mimi nilikuwa mbele, mrefu, ninabeba, ninaonekana. Nilikuwa mtu mwema hadharani, na jua lilikuwa zuri. Nikatembea. Mawe yaliniuma na nikatembea.

Kwenye njia panda, ambako gari lilikuwa linangoja kumpeleka bibi makaburini, nilisikia sauti nyuma yangu, mbali.

"Profeseri! Eeh, profeseri! Unaenda wapi?"

Nikageuka. Wenzangu watano wa itikafu walikuwa wamejipanga ndani ya geti, wameshika vyuma kwa mikono miwili kama wafungwa, hakuna hata mmoja aliyethubutu kutoa mguu nje. Jirani yangu wa vitenge alikuwa ameachia chuma kimoja, anapunga mkono wa kanzu.

"Weye uko mu itikafu! Rudi! Unatembeza itikafu yetu mu barabara!"

Watu wa msafara wakageuka wote. Hata waliokuwa wanalia waliacha. Mtu fulani akaninyang'anya mti wa jeneza bila kuniuliza, mwingine akasema kwa Kinyarwanda kwamba mzee huyu amepotea. Nikarudi nikichechemea juu ya mawe, yule mwanamke kinyozi akinitazama sasa kwa uso mwingine kabisa.

Ndani ya geti baraza la wazee lilikuwa limeshakaa.

"Alisahau," alisema mtu wa Rubona. "Mutu akisahau Mungu hamuandikii. Hata mwenye saumu akisahau akakula, saumu yake iko."

"Ndiyo," walisema wengine. "Alisahau. Tuliona."

Jirani yangu alinivuta pembeni, nyuma ya samaki wake. "Sikia. Sheikh akikuuliza ulikumbuka wapi, sema pale nilikuita. Mi niko shahidi. Nilikuona uso ilibadilika."

"Uliniona mgongo."

"Mugongo pia ilibadilika."

Nikakaa kwenye godoro langu. Imamu alikuwa amekwenda makaburini, na baada ya hapo angepitia kwa wafiwa Rubona, kwa hiyo nilikuwa na saa nne za kungoja, na hizo ndizo saa pekee katika itikafu yangu ambazo sikuhesabu kitu chochote. Hoja ya watu ilikuwa nzuri. Nilisahau kweli, baraza lote, ua wote, mpaka getini. Kati ya kusahau na kuitwa zilikuwapo hatua kadhaa ambazo hakuna mtu duniani aliyejua zilikuwa za nani. Aliyenigusa mgongoni alikuwa mgeni wa Rubona, asingenitambua hata nikimkanyaga. Siku mbili zaidi, na nadhiri ya miaka tisa ingekuwa imekwisha, binti yangu angeifuta popote alipoiandika.

Akaja mapema na chungu. Alikuwa ameshasikia, Gisenyi ni ndogo na watoto wa shule ndio redio yake.

"Baba, umetoroka?"

"Nilikuwa nabeba jeneza."

Akaketi kwenye ngazi ya baraza, akaweka chungu katikati ya miguu. Alicheka kwanza, kama nilivyotarajia. Kisha akauliza, "Imeharibika?"

"Tunamngoja sheikh."

"Kama ulisahau haihesabiki. Tulisoma." Akainuka. "Ngoja." Akatoka getini, yeye anayeruhusiwa kutoka, na nikamwona anapita kwa hatua ndefu mpaka njia panda, midomo inahesabu, akarudi. "Tisini na mbili. Kwa miguu yangu. Kwako itakuwa sabini hivi. Sabini za kusahau si nyingi, Baba. Mtu anaweza kusahau sabini."

Alisema hivyo akinitazama usoni kwa ile hamu ya mtu anayekuandalia kiti ukae. Nikatazama chungu.

Imamu akarudi ikiwa imebaki nusu saa kufika Magharibi, vumbi la makaburi bado kwenye kanzu. Alinawa, akaja akaketi barazani mbele yangu. Wenzangu watano wakawa na shughuli za ghafla karibu na hapo. Binti yangu hakusogea kwenye ngazi.

"Mzee wangu, nimeambiwa. Ulitoka ukiwa umesahau?"

"Nilitoka nikiwa nimesahau."

"Ukakumbuka wapi?"

Jirani yangu alikohoa kikohozi kirefu chenye maana.

"Getini," nikasema. "Nilipokanyaga jiwe. Na mtu alitaka kunipokea pale pale, nikamkatalia. Nikaenda mpaka njia panda kwa sababu nilikuwa nafurahia."

Jirani yangu alisema "Aah, profeseri," taratibu, kwa masikitiko ya mfanyabiashara anayemwona mtu anakataa bei nzuri.

Imamu alifikiri. "Ulipoweka nadhiri, ulitamka nini? Maneno yenyewe."

"Kwamba akipona nitakaa msikitini siku kumi mfululizo, usiku na mchana."

"Ulitaja Ramadhani?"

"Hapana. Nilikuwa kwenye koridoo ya hospitali, sikuwa na nafasi ya kuhariri."

"Basi zile nane zimekwenda. Mungu azipokee kwa namna yake. Unarudi kwenye moja. Lakini hukujifunga na Ramadhani, na kwetu sisi saumu si sharti la itikafu. Unaweza kuanza mwezi wowote. Ukitaka, baada ya Idi upumzike, ujipange."

Ujipange! Sijui kama aliona jinsi uso wangu ulivyolipokea neno lile. Nilikuwa mtu wa kujipanga kwa miaka tisa. Nililiona jiko, kikohozi, kazi nyingi, vyote vinanipungia mkono kutoka upande wa pili wa Idi kama ndugu waliokuja kunipokea stendi. Nikageuka. Binti yangu alikuwa anahesabu kwa vidole, hakunitazama.

"Leo ishirini na nane," aliviambia vidole vyake. "Ukianza Magharibi hii, Idi itakukuta humu."

"Itanikuta."

"Watu wote watakuwa wametoka."

"Feni zitabaki."

Hapo akanitazama. "Nimwambie Mama?"

"Mwambie Mama. Mwambie kwa upole."

Mwadhini alipoadhini nilitia nia upya, nikala tende, na hivyo ikawa siku ya moja.

Mwezi ulipoandama wenzangu walikunja mashuka yao usiku ule ule, wakinikumbatia mmoja mmoja kama watu wanaoshuka kwenye gari wakamwacha mwenzao aendelee na safari. Jirani yangu alifungua vitenge vyake akasita. "Nikuachie moja?" Nikamwambia hapana, samaki wale wamenichunga vya kutosha. Asubuhi Waislamu wote wa mji walikwenda kuswali Idi uwanjani, hata mlinzi, hata mzee anayetunza bomba la uani, ambaye haendi popote. Takbira zilinifikia kutoka mbali, zinakuja na kwenda na upepo. Nikavaa kanzu mpya aliyokuwa ameituma mke wangu, nikajipaka manukato, nikasimama peke yangu katikati ya zulia lote lile nikaswali Idi, na nikatoa salamu kulia na kushoto kwa malaika, kwa kuwa hapakuwa na mwingine.

Walikuja saa tano, wote kwa pamoja. Mke wangu na sufuria ya pilau na maneno machache aliyokuwa ameyatunza tangu ile siku ya nane. Alinisemesha huku ananipakulia, na alinipakulia sana. Nyuma yake jirani yangu, mkewe na watoto wao saba, kila mmoja ameshonewa nguo ya Idi kwa kitenge cha samaki wa rangi ya chungwa. Niliwajua samaki wale mmoja mmoja. Tulikula barazani mpaka Adhuhuri, na wapita njia walichungulia getini kuona ni harusi ya nani. Yule mama jirani yetu wa Kikristo alikuja naye, na viazi, akanikagua toka juu hadi chini, akaniuliza kwa heshima lini kesi yangu itaisha. Nikamwambia zimebaki siku saba. Akasema Mungu ni mkubwa.

Siku zilizofuata msikiti ulirudi kuwa wa watu wa kawaida, safu moja Alfajiri, mbili Isha, na katikati kimya. Watu walinikuta kila walipokuja, wakaanza kunipa miavuli yao niwaangalizie. Mwalimu mmoja wa shule alinikabidhi pikipiki. Sikuwa tena na mtu wa kumwonea wivu, wala sinia la kuchangia, wala usiku wa cheo wa kutazamia. Safari hii nilikaa tu. Nilisoma nilichoweza, nikiishiwa na maneno niliacha niishiwe, na mvua za alasiri zikapiga bati. Sitasema nilipata jambo kubwa. Nitasema kwamba siku ya tisa ilipofika nilishangaa.

Siku ya kumi, Magharibi, binti yangu alikuja kunichukua. Imamu alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Tukavuka geti, mimi mbele na yeye nyuma, godoro katikati yetu, safari hii nimevaa viatu. Kulikuwa na manyunyu. Tulipita kwa kinyozi, tukapita njia panda.

"Baba. Na kama nisingepona, ungeingia?"

Nilitembea kidogo. Jibu zuri lilikuwa karibu sana, ningeweza kulichuma.

"Sijui," nikasema. "Sidhani. Nadhani ningekasirika, nisingekanyaga msikitini kwa miaka."

Nilisikia anafikiri, kama mtu anavyoweza kusikia hilo kupitia godoro.

"Afadhali," alisema. "Ungesema ungeingia nisingeamini hata zile siku kumi."

Kisha akaniambia niinue mikono, upande wangu unaburuta kwenye matope, na Mama ndiye atakayefua.